Linki 4 za leo, ya pili imeniokolea mtaji

Wadau, leo duka lilikuwa kimya, nikala bando. Nimerudi na hizi:

1. trends.google.com. Chagua nchi yako, andika bidhaa unayouza, uone inatafutwa sana miezi gani. Ni bure.

2. Google Lens. Juzi kidogo nitume hela ya viatu kwa muuzaji wa jumla wa mtandaoni. Nikapitisha picha zake Lens: zilezile ziko kwenye maduka ya nje chungu nzima. Nikamuomba video ya mzigo akitaja jina langu. Akanibloku!

3. lookup.icann.org. Andika anwani ya tovuti inayoishia .com, itakuonyesha tarehe iliyosajiliwa. Mtu anasema yupo sokoni miaka 10, tovuti ina wiki mbili? Kimbia.

4. remove.bg. Piga picha mzigo wako mwenyewe, hapa unafuta vurugu za nyuma. Ya bure inatoka ndogo, ila kwa status inatosha. Picha ya kuiba ndiyo inayofanya mteja atuogope sote.

Kukagua ni dakika mbili, mtaji ni jasho la miezi. Mtumie mwenzako anayejiandaa kuagiza.