Malakiti mu lupango: saa za mama zinalipwa na nani?

Mu kambi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi kuko nyumba mingi ambamo mushahara wa bwana unaisha mbele ya tarehe 15, na kuanzia pale chakula kinatoka ku mikono ya mama. Wamoja wanauzisha makala, wengine mandazi, wengine mafuta ya ngazi. Na kuko wale wanaokaa chini ya mwembe na beseni ya maji, wanasugua jiwe la kijani mpaka ling'ae, wanalitoboa, wanalipitisha mu kamba, kiisha wanaenda kuliuzisha mu muji kama mukufu, pete ao hereni. Sisi wa sendika tunazoea kuongea juu ya mushahara, premi na bote za usalama. Leo tunaingia mu lupango, juu kule pia watu wanatumika, na kazi yao mara mingi haihesabiwe.

Mapambo ya inchi yetu hayakuanza na wazungu. Mu mwaka 1957 na 1958, wataalamu walichimbua makaburi ya zamani pa Sanga, kando ya ziwa Kisale, na wakakuta watu waliozikwa na vikuku na minyororo ya mukuba. Wengine walizikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mbele Union Minière haijazaliwa mu 1906, wazee wetu walikuwa wanayeyusha mukuba na kuumwanga mu kalibu ya musalaba, na ule musalaba ulikuwa makuta: ulinunua vitu, ulilipa mahari. Mu 1960 uliwekwa ku bendera ya Katanga, na mu 1961 ku makuta ya chuma. Leo tunauona umerudi, mudogo kama kidole, ku shingo ya vijana. Ni kitu kizuri. Lakini uzuri haulipe masomo ya watoto, kwa hiyo tushuke ku hesabu.

Kaye ya hesabu

Tuliongea na wamama mingi wa kazi hii, na kila fasi tuliuliza ulizo moja: "Mama, mukufu huu, wewe mwenyewe umekugharimu ngapi?" Karibu wote wanajibu bei ya jiwe. Jiwe tu. Kamba inasahauliwa, papye-vere inasahauliwa, makuta ya taksi-bisi inasahauliwa. Saa walizokaa chini ya mwembe, hakuna anayezitaja.

Tufanye mufano, bila kusema hizi njo bei za soko. Jiwe la mukufu mumoja: franka 4 000. Kamba na kifungo: 1 500. Papye-vere na dawa ya kung'arisha, kipande chake: 1 000. Safari ya kufika mu muji, ukiigawa ku vitu vyote ulivyobeba ile siku: 1 000. Jumla ni 7 500. Mama anauzisha 12 000 na anafurahi, juu anaona amepata 8 000: ametoa paka bei ya jiwe. Kweli amepata 4 500. Na alitumika saa sita. Ile ni franka 750 kwa saa.

Sasa anakuja mwenye duka anayenunua kwa kuuzisha tena. Anasema: "Mama, nitakamata kumi, lakini unipe kwa 9 000." Mikufu kumi kwa mara moja, ni nani atakataa? Zinabaki 1 500 kwa saa sita: 250 kwa saa. Na tena hatujahesabu mawe yanayopasuka. Malakiti ni jiwe laini, kisu kinalikwaruza, na likipata moto wa mashini linaachana ku mistari yake. Ku mawe kumi, tuseme mawili yanakufa mbele hayajakuwa mukufu. Umelipa 40 000 na umebaki na mawe manane, kwa hiyo kila jiwe ni 5 000, haiko 4 000. Jumla ya mukufu inapanda mpaka 8 500. Ku mwenye duka unabakisha franka 500. Kwa saa sita! Hata mutoto anayebeba mizigo ku soko atakataa.

Wabwana wanaosoma hapa wanajua sheria ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002: saa 45 kwa juma, saa 9 kwa siku, na ukipita pale ni saa za ziada, na bei yake iko juu. Kampuni ikisahau saa mbili ku fishi ya mushahara, tunasimama ku mulango wa biro mpaka zirudi. Mutu huyu huyu anafika ku nyumba, anakuta bibi yake amesugua mawe tangu asubuhi, na anasema: "Bibi yangu hatumike, anakaa tu na vile vijiwe vyake." Sisi tunasema delege wa kazi anayeongea vile hajaelewa kazi yake mwenyewe.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Kamata kaye. Ku kila kitu andika vyote vilivyoingia ndani yake, pamoja na yale mawe mawili yaliyokufa. Kiisha chagua bei ya saa yako, wewe mwenyewe, mbele kiliya hajafika. Ukisema saa ni 1 500, saa sita ni 9 000, ongeza 8 500, mukufu ni 17 500. Labda soko litakataa. Vizuri, soko limekufundisha kitu: ao upunguze saa kwa kutengeneza hereni ndogo na vile vipande vilivyovunjika, ao utafute kiliya mwengine asiyekuwa yule wa duka, ao uache mikufu ya namna ile. Lakini hautauzisha tena bila kujua unaliwa.

Mama mumoja wa Likasi alituonyesha kaye yake. Aliona kwamba mikufu mikubwa, ile anayoipenda sana, ilikuwa inamulisha njaa, na vijipete vya waya wa mukuba ambavyo alikuwa anavizarau, vya dakika makumi mbili, vilikuwa vinalipa nyumba. Hakuacha mikufu. Anaitengeneza paka kama mutu ameagiza na ameacha nusu ya makuta mbele.

Jiwe linatoka wapi

Hapa tunaomba wabwana wasikilize vizuri. Jiwe la kijani linalotoka ku shimo la kampuni mu sanduku la chakula si zawadi ya bibi. Kwa kampuni ule ni wizi, na mutu anafukuzwa kazi juu ya jiwe moja lenye bei ya mukate. Delege atakuja ku biro, ataongea, lakini hatakuwa na kitu cha kushika. Nunua jiwe kwa wakrezeri ao kwa wanaouzisha mawe mbele ya watu, andika mu kaye siku na bei, na kama anaweza kukupa karatasi, kamata karatasi.

Waya ni vile vile. Waya wa mukuba uliochomwa, wenye harufu ya plastike, mara mingi ni kebo iliyokatwa usiku. Ile kebo ilikuwa inaleta umeme ku kambi, ku hospitali, ku pompi ya maji. Na moshi wa ile plastike ni sumu kwa anayeichoma, na watoto ndio wanaokaa karibu ya moto. Nunua waya wa mota za zamani ku wafundi wanaozifunga upya, unawajua, wako ku kila avenu.

Na si kila jiwe la kijani ni malakiti. Mu udongo wetu, sana sana fasi ya Shinkolobwe na Musonoi, kuko mawe ya kijani yanayobeba uranium. Ni mazuri sana: mengine yako kama magamba madogo yanayong'aa, mengine kama sindano nyembamba zilizopangwa pamoja. Wazungu wa makumbusho wanayatafuta. Lakini kuyasugua mu lupango ao kuyavaa ku kifua, hapana. Malakiti iko na mistari, kijani cheusi na kijani cheupe, kama miti iliyokatwa. Jiwe ambalo halina ile mistari na ambalo haulijui, liache mbali na nyumba.

Mavumbi tunayajua

Mutu aliyetumika ku shimo hahitaji kufundishwa silikosi ni nini. Wazee wanaokohoa usiku, kila kambi iko nao. Sasa ni juu ya nini yale mavumbi tuliyoyakimbia ku kazi tuyapeleke ku nyumba? Malakiti ni mukuba, na mara mingi imeshikana na kwarzi, ile yenyewe inayoharibu mapafu. Ukisugua kavu, na mashini, mavumbi ya kijani yanaingia mu pua, mu chakula, mu nguo za mutoto unayemunyonyesha. Kitambaa ku mudomo hakitoshe, mavumbi yanayoua ni yale madogo yasiyoonekana.

Sugua na maji. Hii njo sheria ya kwanza, na haina bei. Jiwe ndani ya maji, papye-vere ya maji, anza na ile kali, shuka mpaka ile laini, mwisho kitambaa na dawa ya kung'arisha. Maji yanaua mavumbi na yanapoza jiwe, kwa hiyo halipasuke: afya na faida ziko fasi moja, jambo ambalo ku kazi zetu hatulioni kila siku. Kama uko na mashini ya umeme, maji na waya visikutane: maji yadonoke kidogo kidogo ku jiwe, mikono na miguu ikauke. Beseni ya mawe isiwe beseni ya sombe. Yale matope ya kijani usiyamwange mu bustani ya mboga. Na watoto wasiwe pale. Tumeona wa miaka saba wakisaidia mama "kidogo tu", na hatukupenda.

Ku kiliya, sema kweli. Mukuba unaweza kupaka ngozi kijani, musugue na kitambaa. Malakiti inaogopa limao, siki na marashi, avue mbele ya kuoga. Kiliya aliyeambiwa anarudi, yule aliyedanganywa anaongea ku kanisa. Siku hizi malakiti ya bongo inazunguka pia, ya plastike: nyepesi, yenye joto ku mukono, mistari yake imenyooka sana. Jiwe la kweli ni zito na baridi. Mwachie kiliya alishike mwenyewe ku shavu. Na akisema anataka kubeba mengi ku Ulaya, mwambie aulize mbele ku CEEC, njo serviso ya serikali inayotoa setifika ya mawe ya bei. Usimuachie agundue ile ku uwanja wa ndege.

Inabaki jambo la makuta yenyewe, ambalo linavunja kazi hii kuliko mawe. Bwana anarudi, mushahara umechelewa, anajua bibi ameuzisha. Anaomba "kidogo". Kesho tena kidogo. Mwisho wa mwezi hakuna makuta ya kununua jiwe. Tangu sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 iliyobadilisha kodi ya familia, bibi halazimishwe tena kuomba ruhusa ya bwana, sheria inataka wasikilizane. Basi wasikilizane mbele, siku ambayo tumbo limeshiba: ngapi ni ya chakula, ngapi ni ya kazi na haiguswe. Ile ya kazi iende ku namba ingine ya telefone, ao mu likelemba na wamama wa kazi moja. Tuliona kikundi cha wanane ambacho likelemba yao haipokelewe mu makuta: kila juma mumoja anapokea mawe na papye-vere ya mwezi muzima. Bwana hawezi kuomba "kidogo" ya papye-vere.

Na mukopo "mpaka mushahara" uwe na ukurasa wake mu kaye, jina, tarehe, na saini ya aliyekamata. Hata kama ni bibi ya delege.