Makombe ya Kale Yaliyofanana na Bakora

Katika mawe ya chokaa ya Sweden na Estonia hupatikana makombe ya wanyama wa bahari waliokwisha kutoweka, jamaa wa mbali wa pweza na ngisi, walioishi yapata miaka milioni 460 iliyopita. Ukoo wao huitwa Lituitidae, kwa neno la Kilatini lituus, yaani fimbo yenye kichwa kilichopinda waliyoishika waaguzi wa Rumi.

Kombe la Lituites huanza kwa kujikunja kama kamba iliyozungushwa, kisha hunyooka, mfano wa bakora hasa. La Ancistroceras lina mkunjo mdogo, nalo hupanuka upesi kama pembe. La Rhynchorthoceras limepinda nchani tu. La Cyclolituites karibu lote limejikunja.

Taabu ni kwamba mara nyingi huonekana vipande tu. Kipande kilichonyooka, kikikosa mkunjo wake, ni rahisi kutiwa katika ukoo mwingine. Kwa hiyo jiwe hukatwa, ukatazamwa mrija upitao katika vyumba vya ndani. Wataalamu wa zamani waliuhesabu ukoo huu pamoja na makombe yaliyojikunja. Wengi wa siku hizi, kwa kuupima mjengo wa ndani, huuweka karibu na yaliyonyooka.