Homa ya Chikungunya
Mwaka 1952 homa kali ilizuka katika nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika. Viungo viliuma hata wagonjwa wakajikunja. Ndiyo asili ya jina chikungunya. Madaktari walidhani ni homa ya dengi, mpaka damu ilipochunguzwa vikaonekana virusi vingine. Kwa hiyo mganga asiseme kila homa ni malaria. Apime damu, tena aulize habari za viungo.

Mbu waenezao homa hii huuma mchana, nao huzaa katika maji yawekwayo nyumbani. Makonde maji yalikuwa mbali, hayakuweza kumwagwa ovyo. Basi, ndugu wasomaji, funikeni mitungi. Nayo ikiisha maji isugueni ndani, maana mayai ya mbu hugandama humo.