Kuwafundisha Watoto Kuukabili Uonevu

Uonevu si ugomvi. Wagombanao aghalabu hulingana nguvu, na kesho yake hucheza pamoja. Uonevu hukusudiwa, hurudiwa, na anayeonewa hawezi kujitetea. Mwalimu asiyetofautisha mambo haya huwaadhibu wote wawili, na hivyo mwonewa huonewa mara ya pili.

Tuseme katika shule mojawapo ya Buswelu mtoto wa darasa la tatu hunyang'anywa dumu lake la maji kila asubuhi na mkubwa wake. Watoto kumi wapo: wawili wanacheka, wanane wanatazama kando. Profesa Christina Salmivalli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Turku, Ufini, wameonyesha kwamba mwonevu hutegemea watazamaji hao. Wakimcheka mwonewa, uonevu huzidi, wakimtetea, hupungua. Kwa hiyo somo letu ni la wale kumi.

Fikra hii si ngeni Usukumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji waliunda sungusungu dhidi ya wizi wa ng'ombe. Yowe lilipopigwa, kila aliyelisikia aliwajibika kutoka. Lakini baadhi ya sungusungu waliua washukiwa. Tuchukue wajibu wa kuitika, tusichukue kisasi. Mwaka 2007, huko Nova Scotia, Kanada, wanafunzi David Shepherd na Travis Price walisikia kwamba mwenzao ametishwa kwa kuvaa shati la waridi. Walinunua mashati 50 ya rangi hiyo, wakayagawa, na wengi wakayavaa. Hawakumpiga mtu.

Mwanachuo uwapo katika mazoezi ya kufundisha, fuata hatua hizi:

1. Tumia mchezo wa kuigiza. Usimpe mwonevu halisi nafasi ya mwonevu, wala mwonewa halisi nafasi yake mwenyewe.

2. Wazoeze watoto maneno mafupi: "Mwache. Njoo, twende wote." Waende wawili au watatu, kamwe si mmoja. Penye hatari wamkimbilie mwalimu.

3. Eleza tofauti ya kuchongea na kuokoa. Achongeaye hutaka mwenzake aadhibiwe. Aokoaye hutaka mwenzake awe salama. Usimtaje mstarini aliyekuletea habari, kwani atalipia njiani akirudi nyumbani, na darasa zima litajifunza kunyamaza.

4. Mwite mwonevu faraghani, arudishe alichokitwaa. Ukimchapa mbele ya wenzake, unamthibitishia kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Mwisho, mwalimu ajichunguze. Jina la kejeli alilomwita mtoto darasani asubuhi huwa wimbo wa uwanjani ifikapo mapumziko. Watoto hawawezi kusimama dhidi ya jambo ambalo mwalimu wao analitenda. Atakayewataka wamtetee mnyonge, na aanze yeye.