Bei Iliyofichika ya Ruzuku ya Magari
Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitenga dola bilioni 3 kuwapa wenye magari makuukuu dola 3,500 au 4,500 wanunue mapya yanayotumia mafuta kidogo. Magari zaidi ya 670,000 yalibadilishwa, na injini za yale ya zamani zikaharibiwa kwa makusudi, hata zilizokuwa nzima. Mnyonge anayetegemea gari la mtumba akapunguziwa chaguo, jambo ambalo halikuandikwa kwenye bajeti yoyote. Watetezi husema mpango uliokoa viwanda wakati wa mdororo wa uchumi. Kwa wiki chache, ndiyo. Lakini wachumi Atif Mian na Amir Sufi walionyesha kwamba wanunuzi wengi waliwahisha tu ununuzi, na mauzo yakashuka miezi iliyofuata. Gharama ilibebwa na walipa kodi wote, wakiwemo wasio na gari.