Nani Atashika Kamera Upande wa Wanawake?

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu na Malindi hadi Mombasa, usiku wa kupamba una adabu zake. Wanaume hukaa mbali, mabuibui huvuliwa, na siku hizi simu huzuiliwa mlangoni ili sura za wake na mabinti zetu zisije zikasambazwa. Juu ya tahadhari yote hiyo, familia bado hupenda kubaki na kumbukumbu ya usiku ule. Hapo ndipo linapozuka swali: nani atashika kamera?

Jawabu jepesi ni kumtafuta mpiga picha wa kike, na alhamdulillahi, wapo. Lakini kazi ya video haimaliziki kwenye kamera. Yaliyopigwa huhamishiwa kwenye kompyuta, yakakatwa na kuungwa, yakasawazishwa rangi na sauti, ndipo nakala zikatolewa. Kazi hiyo ya pili, iitwayo uhariri, aghalabu hufanywa dukani na vijana wa kiume ambao bibi harusi hawajui wala hatawajua. Huwa tumefunga mlango wa mbele, tukauacha wa uani wazi.

Twayasema haya kwa sababu kila matokeo ya KCSE yatokapo, zipo nyumba ambamo binti hutamka kuwa ataka kusomea filamu, na wazazi wakashikwa na hofu. Wahofia umbali wa chuo, mchanganyiko wa wanaume na wanawake, picha zisizo na staha, na ajira isiyo na uhakika. Hofu hizo ni za haki na hatuzidharau. Twaomba tu zipimwe pamoja na haja tuliyo nayo. Sisi sote twataka wakunga na madaktari wa kike hospitalini. Hao hawakushuka na mvua. Walisomeshwa na wazazi waliokubali. Mpiga video na mhariri wa kike naye hapatikani kwa kutamaniwa.

Wengi hudhani kusomea filamu ni kusomea uigizaji. Sivyo. Mwanafunzi hufunzwa kuandika mswada, kupanga bajeti na ratiba, kutumia kamera na mwanga, kunasa sauti, kuhariri, kusanifu michoro kwa kompyuta, na uhuishaji, yaani kuipa michoro mwendo. Huko hujifunza kuwa video ni picha tuli zinazopita kwa kasi: sinema hupitisha 24 kwa sekunde moja. Kwa hesabu hiyo, katuni ya dakika moja yaweza kuhitaji picha 1,440. Ni kazi ya subira, kama kutarizi kofia. Na nyingi katika kazi hizi hazimlazimu binti kuonekana mwenyewe kwenye picha hata mara moja.

Wapo pia waliokwisha kuonyesha kwamba mipaka ya dini na desturi haiui ufundi. Moustapha Akkad, mzaliwa wa Aleppo nchini Syria, alisomea filamu katika chuo kikuu cha UCLA, Marekani. Filamu yake ya mwaka 1976, ijulikanayo kwa Kiarabu kama Ar-Risala, yasimulia mwanzo wa Uislamu bila ya kumwonyesha Mtume (s.a.w.) wala kuisikizisha sauti yake. Haifaa al-Mansour wa Saudia, aliyesomea uongozaji filamu Sydney, Australia, alipiga filamu ya Wadjda mjini Riyadh. Palipokuwa hapawezekani yeye kusimama barabarani pamoja na mafundi wanaume, aliongoza kazi akiwa ndani ya gari, akiwaelekeza kwa redio ya mkononi. Filamu hiyo ilitoka mwaka 2012.

Kwa hapa Kenya, Taasisi ya Mawasiliano ya Umma, KIMC, iliyoko Nairobi, yafunza fani hizi tangu miaka ya 1960, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina idara ya filamu na sanaa za maonyesho. Kwa kawaida shahada hutaka alama ya C+ katika KCSE, diploma C-, na cheti D. Kwa hiyo binti asiyefikia chuo kikuu hajafungiwa njia. Kwa familia zinazoepuka mikopo yenye riba, basari za kaunti na za CDF ziombwe mapema.

Kabla ya kulipa karo, mzazi afuatane na binti yake hadi chuoni, wakaulize. Kamera ni ngapi, na kila moja hutumiwa na wanafunzi wangapi? Kazi za usiku na za nje ya mji huendeshwa vipi, na nani husimamia? Mwanafunzi aweza kujichagulia maudhui ya filamu yake ya mwisho? Atalala wapi? Chuo kinachojua kazi yake hakitachukizwa na maswali haya.

Binti naye ajue kuwa amana ya kazi hii ni kubwa. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yamtaka anayetumia taarifa za mtu kibiashara, picha zikiwamo, awe na idhini yake. Kwetu sisi, sitara ya mtu ilikuwa amana kabla ya sheria hiyo kuandikwa. Mhariri mwema hukabidhi kazi, kisha akafuta nakala zilizobaki kwake kama alivyoagana na wenyewe.

Vikundi vyetu vya akina mama vina mazoea mazuri ya kuchangiana harusi. Kikundi kimoja kikichangia karo ya binti mmoja mwenye ari na adabu, mtaa mzima utapata mtu wa kumkabidhi kumbukumbu zake bila wasiwasi. Mazungumzo hayo yafaa yaanze sasa, kabla ya msimu mwingine wa harusi.