Mlango wa Mashine ya Kuoshea Vyombo

Mlango wa mashine ya kuoshea vyombo ukianza kumponyoka mama na kuanguka kwa kishindo, jambo hilo lisingoje mwisho wa mwezi. Mlango ni mzito, na mtoto atambaaye hupenda kukaa papo hapo chini yake.

Bawaba za mlango zipo chini, na uzito wake hushikwa na springi mbili, moja kila upande. Katika mashine nyingi springi huungwa na mlango kwa kamba fupi ipitayo juu ya kapi dogo. Mara nyingi springi ni nzima, iliyokatika ni kamba. Basi tazameni kwanza, ndipo mnunue.

Baba akate umeme na kufunga maji, kisha aivute mashine nje taratibu, asije akakunja mpira wa maji. Mlango ubaki umefungwa, kwa maana hapo springi hulegea. Ukiwa wazi zimevutwa kwa nguvu, na ndoano ikichomoka yaweza kupiga jicho. Abadili pande zote mbili pamoja: springi mpya na kuukuu hazivuti sawa, na mlango utakwenda upande.

Sasa ajaribu. Mlango ukiachwa nusu wazi, utulie hapo. Ukianguka, aufunge tena, aihamishe ndoano kwenye tundu linaloikaza springi zaidi. Ukijifunga wenyewe, ailegeze. Tena arudishe skrubu ziishikazo mashine chini ya meza ya jikoni, isije ikapinduka mbele makapu yenye sahani yakivutwa nje.